Sauti iliyo kifuani mwa mwanasesere: tafadhali msiizungushe

Swali: "Habari yako mwalimu. Natoka Kilifi, lakini kwa sasa mimi na familia tunaishi Lowell, Massachusetts, ambako nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bibi niliyemtunza kwa miaka minne alifariki mwezi jana, na watoto wake wakanipa doli lake la zamani niwe nalo kama kumbukumbu. Kichwa ni cha kauri, mikono na miguu ni ya mbao, ila kiwiliwili ni cha bati na kifuani kuna vitundu vingi vidogo. Mgongoni pana tundu, na ndani yake inaonekana ncha ya chuma. Kijana wangu wa miaka 13 ametafuta mtandaoni, anasema ni doli la Edison, eti hiyo ndiyo sauti ya kwanza kurekodiwa duniani, na kwamba ni sauti ya mtoto aliyekufa. Dada yake sasa hataki kulala chumba kimoja nalo. Kijana anataka kushika ile ncha kwa spana aizungushe tusikie. Je, ni kweli? Tuizungushe? Kama nta imekauka, naweza kuipasha moto kidogo au kuitia mafuta? Na je, lina thamani yoyote?"

Dada, pole kwa kumpoteza bibi uliyemtunza miaka yote hiyo. Nianze na lisiloweza kungoja: mwambie kijana aiweke spana chini. Msizungushe kitu, msipashe moto, wala msitie mafuta ya aina yoyote, hata tone moja. Kama kweli huyo ni mwanasesere wa mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison na mashine yake bado imo, basi huenda kifuani mwake mna pete ya nta iliyorekodiwa mara moja tu, zaidi ya miaka 130 iliyopita, na sindano ya chuma imeikalia juu. Kuizungusha mara chache kunatosha kukwangua kilichobaki.

La pili ni binti yako. Hakuna mtoto aliyekufa humo ndani. Waliosema ndani ya wanasesere hao walikuwa wanawake vijana walioajiriwa kiwandani kwa Edison huko West Orange, New Jersey. Jarida la Scientific American la Aprili 1890 lilieleza kazi yao: kila msichana alikuwa na kibanda chake na mashine ya kurekodia, akighani shairi la kitoto kwenye silinda ya nta, kisha silinda nyingine, kisha nyingine. Mwandishi alisema kelele za wasichana hao wote wakighani kwa pamoja hazielezeki. Majina yao hayajulikani. Mwambie binti kwamba aliyemo humo ni dada wa watu aliyekuwa kazini, anapaza sauti ili nta imsikie, akingoja jioni arudi nyumbani.

Kuhusu sauti ya kwanza kurekodiwa duniani, kijana amekaribia ukweli lakini hajafika. Mwaka 1857 Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville, fundi wa kupanga herufi za uchapaji, alibuni chombo cha kuchora sauti. Mtu alisema ndani ya pembe, kiwambo (utando mwembamba uliowambwa) kikatetemeka, na unywele mgumu uliofungwa kwenye kiwambo ukachora mawimbi kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Scott alitaka kuiona sauti kwa macho. Kuisikia tena hakukuwa sehemu ya mpango wake. Tarehe 9 Aprili 1860 alichora kipande cha wimbo wa kienyeji wa Kifaransa, na karatasi hiyo ikakaa kimya hadi 2008, watafiti walipoigeuza kuwa sauti kwa kompyuta. Mwanzoni walidhani ni msichana anayeimba. Baadaye wakagundua kwamba walikuwa wameiendesha kwa kasi mara mbili ya ile iliyotakiwa. Alikuwa mwanamume, na yaelekea ni Scott mwenyewe. Likumbuke kosa hilo la kasi, maana linahusu mwanasesere wako pia.

Alichofanya Thomas Edison mwaka 1877 ni kuirudisha sauti masikioni. Fonografu yake ya kwanza, yaani mashine ya kurekodi na kurudia sauti, iliandika kwenye karatasi laini ya bati iliyovingirishwa juu ya silinda, na karatasi hiyo iliharibika baada ya kusikilizwa mara chache. Mwaka uliofuata alipoorodhesha kazi ambazo mashine yake ingeweza kufanya, wanasesere wa kusema walikuwemo. Kisha akaiacha, akajitosa kwenye taa ya umeme. Walioisukuma mbele wakati huo ni watu wa maabara ya Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, yaani binamu yake Chichester Bell na Charles Sumner Tainter, ambao walipata hataza (haki rasmi ya uvumbuzi) mwaka 1886 kwa wazo la kuchonga sauti kwenye nta badala ya kuibonyeza kwenye bati. Edison alirudi mbio, na kufikia 1888 alikuwa na fonografu yake ya nta.

Wanasesere wa kutoa sauti walikuwepo kabla yake, na hapa wengi huchanganya. Johann Maelzel, yule anayejulikana kwa kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki, alipata hataza Paris mwaka 1824 kwa mwanasesere anayesema "mama" na "baba". Huyo hakuwa na rekodi ndani yake. Alikuwa na mvukuto mdogo, kama wa mhunzi, unaopuliza hewa kwenye ulimi mwembamba kama ule wa zumari, na kifuniko kinachofunguka na kufunga mfano wa midomo. Mdomo ukifungwa kisha ukafunguliwa huku sauti inatoka, sikio linasikia "ma". Kwa miaka mingi baadaye viwanda vilitumia mbinu hiyo, na hadi leo ukimlaza mwanasesere chali akalia, mara nyingi kilichomo ni mvukuto wenye uzito unaodondoka. Wa Edison alikuwa kitu kingine kabisa: alibeba maneno yaliyotamkwa na mtu fulani siku fulani.

Ukitaka kuelewa kwa nini nakataza ile ncha isizungushwe, fuata njia ambayo sauti iliingilia. Weka kidole juu ya ngozi ya ngoma huku mtu anasema kwa nguvu karibu nayo. Utahisi ngozi inatetemeka. Mashine ya kurekodia ilikuwa na kiwambo chembamba cha namna hiyo, na katikati yake kisu kidogo cha kuchongea kilichogusa nta inayozunguka. Msichana anaposema, hewa inasukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma kisu, kisu kinazama na kuinuka ndani ya nta. Mhimili wenye hesi, kama hesi za skrubu, unasogeza kila kitu kando taratibu ili mfuo mpya, yaani mfereji mwembamba unaochongwa na kisu, usiangukie juu ya ule uliokwisha kuchongwa. Kinachopatikana ni mfuo mmoja mrefu uliojizungusha kama uzi kwenye kibiringo, na sakafu ya mfuo huo imejaa matuta na mabonde. Matuta na mabonde hayo ndiyo sauti.

Kusikiliza ni kupita njia hiyohiyo kinyume. Sindano isiyo na makali inapita juu ya matuta, inasukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma hewa. Hakuna umeme wala kikuza sauti. Nguvu yote ya sauti unayoisikia inatokana na sindano kusukumwa na matuta ya nta, kwa hiyo sindano lazima ikandamize vya kutosha ili isikike chumba kizima, na hapo hapo inakwangua kile inachokisoma.

Angalia ukubwa wenyewe wa matuta hayo. Silinda zilizokuja kuwa za kawaida zilikuwa na kipenyo cha yapata sentimita 5.7, na miaka ya 1890 zilizunguka mara 120 hivi kwa dakika. Hapo nta hupita chini ya sindano kwa mwendo wa karibu sentimita 36 kwa sekunde. Sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde, yaani ya mwanamke anayesema kawaida, huacha tuta moja kila milimita 1.8. Hilo ni pana, na sindano hulipanda bila shida. Lakini msisimko wa "s" una mitetemo 5,000 na zaidi, kwa hiyo matuta yake yanasongamana kila moja ndani ya milimita 0.07, karibu na unene wa unywele mmoja. Pete ya mwanasesere ina vipimo vyake, ila hesabu ni ileile. Matuta hayo madogo ndiyo yaliyokuwa magumu kuchongwa, na ndiyo yanayofutika kwanza.

Humo ndimo inamotoka ile sauti ya kutisha ambayo watu wanaifanyia hadithi za mizimu. Irabu zimebaki, konsonanti zimekwenda. Unasikia "a" na "i" zikielea bila kitu cha kuzishikilia. Ongeza kwamba msichana alikuwa anapiga kelele na wala hasemi kwa upole, maana sauti ya chini haikuwa na nguvu ya kuchonga nta. Ongeza mngurumo wa kifua cha bati. Na ongeza mkono wa mtoto: mashine ya mwanasesere haikuwa na springi ya kuiendesha wala kidhibiti mwendo, ila mkono mdogo wa kuzungushia uliochomekwa mgongoni. Mtoto akiongeza kasi, sauti inapanda ikawa nyembamba. Akichoka, inashuka ikawa nzito. Ndilo kosa la ile karatasi ya 1860, isipokuwa hapa linatokea mara kadhaa ndani ya sentensi moja.

Kampuni yenyewe ilianzishwa 1887 na watu wawili wa Boston, William W. Jacques na Lowell Briggs, walionunua haki ya kutumia jina na uvumbuzi wa Edison. Kazi ya kuibadilisha mashine iwe ya kuuzwa iliishia mikononi mwa Edison mwenyewe, kukawa na mivutano ya pesa ambayo haina haja kukuchosha nayo. Kwanza walijaribu pete ya bati tupu bila nta. Mojawapo, inayokadiriwa kuwa ya Novemba 1888, imesalia. Ilikuwa imepindika kiasi kwamba hakuna sindano ingeweza kuifuata, na sauti ya mwanamke iliyomo ilipatikana tena 2011. Bati lilidumu lakini lilikuwa gumu kuchongwa. Wakahamia nta, inayochongeka vizuri lakini haidumu. Mashaka yote ya mwanasesere huyu yametokana na uamuzi huo.

Mwanasesere aliingia sokoni Aprili 1890: urefu wa sentimita 56, uzito wa karibu kilo 1.8, kichwa cha kauri kilichotoka kwa Simon & Halbig wa Ujerumani, bei dola 10 bila nguo na 20 hadi 25 akiwa amevishwa. Kwa mfanyakazi wa kawaida dola 10 zilikuwa kama mshahara wa wiki mbili. Ndani ya wiki chache tu mauzo yakasitishwa. Wapatao 2,500 walipelekwa madukani, na waliouzwa hawakufika 500. Wengine walifika wamekwisha kuharibika kwa kutikiswa njiani, sindano imetoka kwenye mfuo. Waliosema vizuri dukani walififia nyumbani, kwa sababu mtoto aliyependa mwanasesere wake alimzungusha tena na tena, na kila mara chuma kilikula nta. Rekodi haikubadilishika. Ikichakaa, basi.

Hapa pana jambo ambalo naomba mlitafakari nyumbani, kwa sababu watu wengi wanaomiliki vitu hivi hawalijui. Leo tukisema "rekodi" tunafikiria nakala: msanii anaimba mara moja, nakala elfu zinatoka. Mwaka 1890 hapakuwa na njia ya kiwanda ya kunakili silinda za nta. Ndiyo maana kulikuwa na vibanda na wasichana. Kila mwanasesere alipata utamkaji wake wa peke yake. Wawili wanaosema shairi lilelile hawana rekodi moja. Mmoja huenda msichana alikohoa kabla ya mstari wa mwisho, mwingine alikimbiza maneno. Silinda za kutolewa kwenye kalibu zilikuja kuuzwa na Edison mwaka 1902 tu. Kwa hiyo kama wa kwako bado ana nta, anachokisema hakipo mahali pengine popote duniani.

Ugumu huo uligusa hata kwetu. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipozunguka kusini mwa Tanganyika mwaka 1906, pande za Lindi, Masasi na Newala, alirekodi nyimbo kwenye silinda za nta. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanza 1900, ilikuwa na njia yake ya kupata nakala za silinda kama hizo: walizipaka tabaka la shaba kwa umeme, wakapata kalibu ya shaba ya kumiminia nakala, na katika kufanya hivyo nta ya asili iliharibika. Walikubali hasara hiyo kwa sababu hawakuwa na jingine. Wewe una jingine.

Tangu miaka ya 2000, Carl Haber na wenzake wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, wameendeleza njia ya kusoma mfuo kwa mwanga bila kuugusa. Mwanga mweupe hupitishwa kwenye lenzi inayotenganisha rangi, kila rangi ikakaza nuru yake kwenye kina tofauti. Rangi inayorudi kwa nguvu zaidi kutoka kwenye nta ndiyo inayosema pale pana kina gani. Silinda huzungushwa polepole, nukta kwa nukta, mpaka kompyuta inapata ramani ya matuta na mabonde yote, kisha programu inahesabu sindano ingetetemeka vipi kama ingepita hapo. Mwanya wa ufa unaweza kuzibwa kwenye ramani bila kuunganisha nta yenyewe. Kasi huchaguliwa na mtu kwa kusikiliza na kulinganisha, kwa hiyo muulize anayekufanyia kazi ametumia kasi gani na kwa nini.

Wakusanyaji binafsi walioishi miaka mingi na wanasesere wa Edison bila kuthubutu kuwazungusha waliitumia njia hii, na mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya Thomas Edison huko West Orange ikaweka hadharani rekodi nane za namna hiyo. Zinasikilizwa bure kwenye tovuti yao. Hilo litamkata kiu kijana wako jioni hii hii. Mpe vipokea sauti vya masikioni, na kabla hajaisikiliza mwambie asome maneno ya shairi kwanza, maana bila maneno sikio halipati pa kushika.

Turudi kwa wako. Sijamwona, na kwa maelezo peke yake siwezi kukuambia ni yeye. Mengi yanafanana: kauri, mbao, bati, vitundu kifuani, ncha mgongoni ambayo mkono wake umepotea. Mambo ya kuangalia bila bisibisi ni haya. Inua nywele taratibu nyuma ya shingo usome chapa ya kichwa; wa Edison mara nyingi ana jina au herufi za Simon & Halbig na namba 719. Angalia bati la mgongoni kama lina maandishi ya kampuni na tarehe za hataza. Mpime kwenye mizani ya jikoni, ukimlaza juu ya taulo. Akikaribia kilo 1.8 yaelekea mashine imo. Akiwa mwepesi sana, huenda kifua ni kitupu, na wapo wengi waliotolewa mashine zao. Kisha mulika kwa tochi ya LED kupitia vitundu au tundu la mgongoni. Usitumie balbu inayopata joto. Ukiona pete ya rangi ya kahawia au yenye utando mweupe, hiyo ndiyo nta.

Kama badala ya ncha ungeona tundu la ufunguo, ningefikiria jamaa yake wa Kifaransa. Mwaka 1893 mtengeneza saa Henri Lioret alimtengenezea Jumeau, mtengeneza wanasesere wa Paris, mwanasesere mwenye springi ya kujaza na silinda za seluloidi (plastiki ya zamani). Fundi huyo alitibu karibu kila ugonjwa wa Edison: springi iliweka mwendo sawa, seluloidi ilistahimili sindano, silinda iliweza kubadilishwa, na ilinakiliwa kwa kulainishwa kwenye maji ya moto na kukandamizwa ndani ya kalibu. Namheshimu sana Lioret, na nadhani angestahili kujulikana zaidi. Huyo naye, ukimkuta, usijaze springi yake. Springi ya zamani ikikatika hurarua kila kilicho jirani.

Umeuliza juu ya moto na mafuta. Nta hii si ya nyuki. Nta ya kahawia ya Edison ni karibu na sabuni ngumu ya metali, iliyopikwa kwa asidi ya stiari, soda na alumini. "Haikauki" kwa namna ambayo mafuta yanaweza kuirudisha. Mafuta yanailainisha na kukusanya vumbi, na vumbi ndani ya mfuo ni sawa na msasa. Joto nalo hulaza kuta za mfuo kabla hujaona chochote kwa macho. Ule utando au madoa meupe unayoweza kuyaona huenda ni kuvu, na kuvu wanakula nta yenyewe. Usiwafute kwa kitambaa, maana utakuwa unasambaza na kukwangua kwa wakati mmoja.

Kwa sasa mtafutie mahali penye nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi na unyevu usiopanda sana: kabati la ndani, lisilopakana na ukuta wa nje. Chumba cha chini ya nyumba hakifai kwa unyevu, na juu ya kipasha joto hapafai kwa joto. Mlaze chali ndani ya sanduku, mzungushie taulo safi asibingirike, na msimsimamishe wala kumpokezana. Kama kuna pete nyingine ya nta iliyo nje ya mwili, isimame kwa ukingo wake kama kikombe. Ikibidi kuishika, ingiza vidole viwili ndani ya tundu lake na uvitanue taratibu, bila kugusa uso wa nje. Nta iliyotoka kwenye baridi isiguswe mpaka ifikie joto la chumba, kwani joto la vidole tu linaweza kuipasua.

Sasa chaguo zako. Ya kwanza ni kumhifadhi tu kama alivyo. Ni uamuzi mzuri kabisa na hauna gharama. Ya pili ni kumpeleka kusomwa kwa mwanga. Bahati yako ni ya ajabu kidogo: mojawapo ya sehemu chache zinazofanya kazi hiyo kwa wateja wa kawaida ni NEDCC, kituo cha kuhifadhi nyaraka kilichoko Andover, jirani kabisa na Lowell. Piga simu kwanza, eleza ulichonacho, omba makadirio ya gharama kwa maandishi na uulize nani atafungua kiwiliwili. Ujue pia kwamba matokeo yanaweza kuwa mkwaruzo mtupu. Kama watoto wa enzi hizo walimzungusha sana, hata mwanga hauwezi kusoma tuta ambalo halipo tena. Akitokea fundi wa kukwambia atamfanya aseme kwa kubadilisha nta, kataa. Atakurudishia mwanasesere anayesema maneno ya mtu mwingine.

Ya tatu ni kuuza. Ndiyo, wa Edison aliye kamili, mwenye mashine yake, ana thamani kubwa kwa wakusanyaji, na aliyetolewa mashine ana thamani ndogo zaidi. Bei sitakutajia bila mtu kumwona. Mtafute mthamini asiyetaka kumnunua yeye mwenyewe, na ukiamua kuuza, hakikisha sauti imesomwa kwanza, kwa sababu mnunuzi wa kwanza mwenye spana atafanya kile kijana wako alichotaka kufanya.

Na kabla ya hayo yote, dada, omba familia ya bibi barua fupi yenye tarehe na sahihi inayosema wamekupa zawadi hii. Mashirika mengi ya kuhudumia wazee yana masharti kuhusu zawadi kutoka kwa wateja. Soma mkataba wako, na umwarifu msimamizi wako. Waambie familia pia kwamba huenda ni kitu cha thamani. Huenda wasingependa kusikia habari hiyo kwa mtu mwingine. Waulize hapo hapo bibi alimpata wapi, nani alikuwa naye kabla yake, na kama kuna aliyewahi kumsikia akisema. Andika majibu yao na uyaweke ndani ya sanduku, maana kwa mhifadhi karatasi hiyo ina uzito mkubwa.

Siku ya kumpeleka Andover, mtoe kabatini, mfunge ndani ya sanduku lake, na umweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, akiwa amelala na amekazwa kwa mito pande zote. Nenda naye moja kwa moja, bila kupitia sokoni. Gari lililofungwa juani mwezi Julai linaweza kuharibu ndani ya saa moja nta iliyovumilia miaka 130.